Mtafiti wa mafua abaki na kirusi kimoja au ahamehame? Swali kuhusu kazi ya Macfarlane Burnet

Mwanafunzi_Mchunguzi ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Ninasoma shahada ya uzamili katika elimu ya virusi, na msimamizi wetu ametutaka kila mmoja amchague mtafiti aliyeshughulikia homa ya mafua kwa muda mrefu, kisha aeleze jinsi kazi yake ilivyojengeka. Nimemchagua Frank Macfarlane Burnet wa Australia (1899–1985), ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake aliufanyia katika Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne, na aliyeiongoza taasisi hiyo kuanzia mwaka 1944 hadi 1965.

Nilitarajia kazi nyepesi, lakini kila ninavyozidi kusoma ndivyo mambo yanavyozidi kutawanyika. Alianza na virusi vinavyoshambulia bakteria, somo lililompatia shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1928. Mwaka huohuo watoto 12 walifariki huko Bundaberg baada ya kudungwa chanjo ya dondakoo iliyokuwa imechafuliwa na bakteria, naye akawa miongoni mwa waliochunguza chanzo, hivyo akajikuta anasoma sumu za stafilokokasi. Mwaka 1931 yeye na Jean Macnamara walionyesha kwamba kuna zaidi ya aina moja ya kirusi cha polio, kwa kuwa nyani waliopona aina moja waliweza kuugua kwa nyingine. Baada ya hapo ninakutana na ugonjwa wa kasuku, homa ya Q, mafua, uvimbe wa ubongo unaoenezwa na mbu, na kirusi kinachoua sungura. Halafu, mwaka 1957, anaacha virusi na kugeukia elimu ya kinga, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1960 pamoja na Peter Medawar ilitokana na kazi ya kinga, wala haikuhusu mafua.

Wenzangu darasani wanasema alikuwa mtu wa kudonoadonoa. Ninaomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, kuna uzi wowote unaounganisha kazi hii, au tunauona kwa sababu tu tunajua aliishia kuwa maarufu? Pili, je, huko kuhama kutoka kimelea kimoja hadi kingine kulimsaidia katika utafiti wake wa mafua, au kulimchelewesha? Ninauliza pia kwa manufaa yangu, maana nimebakiza miezi michache kuamua kama nitaendelea na mafua katika uzamivu. Nitashukuru zaidi kwa majibu yenye hoja kuliko yenye sifa.

Kumbukumbu_za_Tiba amejibu:

Ndugu Mwanafunzi, mtawanyiko unaouona upo zaidi kwenye orodha ya makala zake kuliko ulivyokuwa kwenye meza yake ya kazi. Acha kidogo kuuliza alichunguza nini, uulize alichunguza kwa kutumia nini. Hapo utagundua kwamba kuanzia mwaka 1932 hadi katikati ya miaka ya 1950 karibu kila kimelea alichokigusa kilipitia ndani ya yai la kuku lenye kiinitete hai.

Mwanzo wa jambo hili uko London. Burnet alikaa huko mwaka 1932 na 1933 katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, wakati ambapo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw wa taasisi hiyohiyo walifanikiwa, mwaka 1933, kukipata kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa. Burnet hakuwa mmoja wa watatu hao, na ni vizuri kulisema wazi kwa sababu baadhi ya maandishi huandikwa kana kwamba alikuwemo. Yeye alikuwa na kirusi cha ndege wadogo aina ya kanari, kinachofanana na kile cha ndui ya kuku, na alikuwa akikiotesha kwenye utando wa yai kwa njia ambayo Alice Woodruff na Ernest Goodpasture walikuwa wameitangaza nchini Marekani mwaka 1931. Watu wengi waliisoma makala ile wakaona ni ustadi wa kupendeza, wakaendelea na mambo yao. Burnet aliona ndani yake chombo cha kupimia: kila doa jeupe linalojitokeza kwenye utando limetokana na chembe moja ya kirusi, kwa hiyo ukihesabu madoa umehesabu virusi. Wazo hilo alikuwa nalo tayari kutoka kwenye kazi yake ya virusi vya bakteria, ambako uwazi unaojitokeza kwenye sahani ya bakteria huhesabiwa vivyo hivyo. Hapa unaona kitu cha kwanza alichokipata kwa kuhama: aliingia kwenye virusi vya wanyama akiwa na mazoea ya kuhesabu, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanapima kwa kutazama mnyama yupi ameugua na yupi amekufa.

Alirudi Melbourne akiwa na yai mkononi, tuseme hivyo, na katika miaka michache iliyofuata akawa mtu wa kutumiwa sampuli. Mwaka 1935 alikipata kirusi cha mafua kutoka kwa wagonjwa wa mji huohuo, aina ambayo bado inatajwa kwenye orodha za maabara kwa jina la Melbourne/1935, na akaonyesha kwamba mafua nayo yanaweza kuoteshwa kwenye yai. Wakati huohuo alikuwa anachunguza ugonjwa wa kasuku unaoweza kumpata binadamu. Hapa ningependa ukae kidogo, kwa sababu ninaamini kasuku walimfundisha kuhusu mafua kuliko mafua yenyewe yalivyomfundisha. Aligundua kwamba kasuku wengi wa porini nchini Australia walikuwa wameambukizwa tangu wakiwa makinda bila kuonyesha dalili yoyote. Ugonjwa ulijitokeza pale walipokamatwa, wakabanwa kwenye vizimba, wakakosa chakula cha kutosha na kusafirishwa. Kimelea kilekile kilikuwa mpangaji mtulivu msituni na muuaji kwenye duka la ndege. Kuanzia hapo Burnet aliacha kuuona ugonjwa kama uvamizi tu, akauona kama uhusiano kati ya viumbe wawili unaoweza kutengemaa au kuvurugika, na kitabu alichokichapisha mwaka 1940 kilijengwa juu ya fikra hiyo. Leo tunaposema kwamba bata wa porini ndio hifadhi ya asili ya virusi vya mafua, na kwamba hatari inaanza virusi hivyo vinapoingia kwenye mabanda yenye maelfu ya kuku, tunazungumza lugha ambayo yeye alikwisha kuizungumza kuhusu kasuku.

Homa ya Q ni mfano mwingine, na hapa kimelea si kirusi kabisa. Mwaka 1935 daktari Edward Derrick alikuwa anachunguza homa isiyoeleweka iliyowapata wafanyakazi wa machinjio huko Brisbane. Aliweza kuwaambukiza simbilisi kwa damu ya wagonjwa, lakini hakuona kimelea chochote, akadhani pengine ni kirusi. Akamtumia Burnet ini la simbilisi aliyeambukizwa. Burnet na Mavis Freeman waliwaambukiza panya, wakapasua wengu, na kwenye vipande vilivyotiwa rangi wakaona vijidudu vidogo mno vilivyojazana ndani ya seli, wakaviweka kwenye kundi la riketsia, yaani bakteria wanaoishi ndani ya seli. Matokeo yalichapishwa mwaka 1937, na bakteria huyo sasa anaitwa Coxiella burnetii, jina linalomkumbuka Burnet pamoja na Mmarekani Harold Cox. Angalia mgawanyo wa kazi ulivyokuwa: aliyekutana na wagonjwa ni Derrick, naye ndiye aliyeuelezea ugonjwa. Burnet alikuwa na jicho lililozoea kutazama vitu vinavyoishi ndani ya seli, bila kujali vinaitwa virusi au vinginevyo.

Baada ya mwaka 1939 alituliza miguu. Vita vilikuwa vimeanza, na kila aliyekumbuka janga la mwaka 1918 aliogopa kwamba mafua yangerudi pamoja na majeshi. Kwa takriban miaka 18 mafua yakawa ndiyo kazi kuu ya maabara yake, hata akakataa nafasi ya uprofesa aliyopewa na Chuo Kikuu cha Harvard wakati wa vita. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, jibu langu ni kwamba uzi upo, na unaonekana hata kwa mtu asiyejua kwamba baadaye alipata tuzo: chombo kimoja na swali moja, yaani kimelea kinaishije na mwenyeji wake, vikizungushwa kwenye viumbe mbalimbali hadi vikatua kwenye mafua.

Bi_Maabara amejibu:

Nimesoma maelezo ya Kumbukumbu_za_Tiba kwa furaha, ila nina neno. Mimi hufanya kazi na mafua kila siku, na mayai bado tunayatumia, kwa hiyo najua chombo hicho kinatoa nini na kinaficha nini. Ukisema yai ndilo uzi wa kazi ya Burnet, basi useme pia kwamba uzi huo ulimfunga.

Kwa ajili ya Mwanafunzi ambaye huenda hajawahi kulishika, nieleze kidogo. Unachukua yai la siku 10 au 11 tangu liwekwe kwenye joto, unalimulika gizani kwa taa kali ili uone mishipa ya damu na uhakikishe kiinitete kinacheza, unachora kwa penseli mpaka wa mfuko wa hewa, unatoboa kaka juu kidogo ya mstari huo, na kuingiza sindano hadi kwenye mfuko wa alantoi, yaani ule unaopokea taka za kiinitete. Tundu unaliziba kwa nta, yai linarudi kwenye joto kwa siku mbili au tatu. Kabla ya kuvuna unaliweka kwenye jokofu usiku kucha. Wanafunzi wengi hulipuuza hili la jokofu, kisha wanashangaa kupata mavuno haba: ubaridi huifanya mishipa isinyae, kwani damu ikimwagika kwenye majimaji unayovuna, chembe nyekundu huvinasa virusi vyako vyote. Ni tabia hiyohiyo ya kunasana ambayo George Hirst aliiona mjini New York mwaka 1941, alipotambua kwamba majimaji yenye mafua huzigandanisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Ugunduzi wa Hirst uliwapa watafiti wa mafua, Burnet akiwemo, kipimo cha haraka kisichohitaji fereti.

Sasa nije kwenye kasoro. Kirusi kilichotoka kooni kwa mgonjwa hakipendi mfuko wa alantoi. Huota vizuri zaidi kwenye mfuko wa amnioni, ule unaokizunguka kiinitete chenyewe, na baada ya kupitishwa mara kadhaa hubadilika kikaweza kuishi kote. Burnet mwenyewe ndiye aliyelieleza jambo hili, pamoja na Diana Bull, mwaka 1943: kirusi kabla ya kubadilika kilizigandanisha chembe za simbilisi vizuri kuliko za kuku, na baada ya kubadilika kikazigandanisha zote. Hivi leo tunajua kwamba kinachobadilika ni jinsi kirusi kinavyoshika sukari iliyo juu ya seli, kwa sababu sukari hiyo imeungwa kwa namna tofauti kwenye koo la binadamu na kwenye alantoi ya kuku. Maana yake ni kwamba kinachovunwa kwenye yai kinaweza kuwa kimeondoka kidogo kwenye kile kilichomwuguza mtu, na suala hili linawasumbua watengenezaji wa chanjo mpaka sasa. Burnet aliliona tatizo, akaliandika kwa usahihi wa kupendeza, kisha akaendelea kuishi ndani ya yai.

Chanjo yake nayo ilikwama hapohapo. Aliamini kwamba kirusi hai kilichodhoofishwa kwa kupitishwa kwenye mayai na kupulizwa puani kingetoa kinga bora kuliko chanjo ya kirusi kilichouawa. Walijaribu kwa wanajeshi wa Australia mwaka 1942, na matokeo hayakutosha kumshawishi mtu yeyote aiendeleze huko. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwani Muungano wa Kisovyeti uliitumia chanjo hai kwa miaka mingi na Marekani iliidhinisha ya kupuliza puani mwaka 2003. Lakini hapo katikati kulihitajika njia za kuhakikisha kwamba udhaifu wa kirusi unabaki imara, na yeye hakuwa nazo. Halafu John Enders na wenzake walipoonyesha, mwaka 1949, kwamba kirusi cha polio kinaota kwenye seli za kawaida ndani ya chupa, virolojia karibu yote ikahamia kwenye seli. Maabara ya Melbourne haikuwa miongoni mwa zile zilizoongoza uhamaji huo.

Nisije nikaonekana nimekuja kumbomoa tu. Kwenye jokofu letu kuna kichupa chenye kimeng'enya kinachotokana na bakteria wa kipindupindu. Kila seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) inayopimwa kingamwili za mafua, yaani protini za mwili zinazopambana na kirusi, kwa njia ya kugandanisha chembe hutibiwa kwanza kwa kimeng'enya hicho, usiku mzima kwenye nyuzi 37, kisha nusu saa kwenye nyuzi 56 ili kukimaliza nguvu, la sivyo vitu vingine vilivyomo kwenye seramu vitajifanya kingamwili. Kazi hiyo ilitoka kwa Burnet na Joyce Stone mwaka 1946 na 1947. Hirst alikuwa ameona kwamba kirusi baada ya kuzinasa chembe hujing'oa chenyewe, na chembe zilizoachwa hazinasi tena. Burnet akawaza kwamba kirusi kina kimeng'enya kinachokata kipokezi, yaani sehemu ya seli ambayo kirusi hushika, akatafuta mahali pengine kitu kama hicho kingepatikana, akakipata kwenye kipindupindu. Hapo kuhama kwake kulilipa. Mtu aliyefungiwa kwenye mafua peke yake asingefikiria kufungua chupa ya kipindupindu.

Mwanafunzi_Mchunguzi amejibu:

Nawashukuru nyote wawili. Dada Bi_Maabara, hicho kimeng'enya tunakitumia hata sisi, na sikuwa najua kilikotoka.

Naomba nisogeze swali mbele kidogo. Kama chombo chake kilikuwa kimeanza kupitwa na wakati kufikia mwaka 1949, je, uamuzi wa mwaka 1957 wa kuacha virusi ulikuwa ni kukimbia? Ninavyoona mimi, mwaka huohuo ndio janga jipya la mafua lilienea duniani kote, na inashangaza kwamba mtafiti wa mafua mashuhuri kama yeye anaondoka uwanjani siku ya mechi.

Mhadhiri_Mstaafu amejibu:

Mwanangu, swali lako ni zuri, lakini usiuweke uamuzi ule kwenye mwaka mmoja. Burnet alianza kuondoka kwenye mafua karibu miaka kumi kabla, na lililomtoa ni mafua yenyewe.

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: kwa nini mnyama hatengenezi kingamwili dhidi ya mwili wake mwenyewe? Mwaka 1949 yeye na Frank Fenner walipendekeza kwamba mwili hujifunza kujitambua wakati wa ukuaji tumboni au ndani ya yai, na kwamba kitu kigeni kikiingizwa mapema kabla somo hilo halijakamilika kitahesabiwa kuwa ni sehemu ya mwili. Walitegemea mambo mawili yaliyokwishaonekana na wengine: ndama mapacha waliochangia damu tumboni, ambao Ray Owen aliwaeleza mwaka 1945, na panya waliozaliwa na maambukizi ya kirusi fulani wakaishi nacho bila kukipinga. Burnet akafanya jambo ambalo ungelitarajia: akachukua yai, akaingiza kirusi cha mafua kwenye kiinitete, akangoja kifaranga kianguliwe na kukua, kisha akapima kama kitashindwa kutengeneza kingamwili za mafua. Hakikushindwa. Jaribio lilichapishwa mwaka 1950 likiwa na jibu la hapana. Medawar na wenzake walipofanya jaribio lao la panya na vipande vya ngozi mwaka 1953, wakapata jibu la ndiyo, na ndiyo maana tuzo ikagawanywa kwa wawili: mmoja aliyebashiri na mwingine aliyethibitisha. Bi_Maabara ana haki ya kusema kwamba yai lilimfunga. Hili ndilo tukio ambalo ningelitumia kama ningekuwa upande wake.

Hata hivyo, wazo halikufa pamoja na jaribio. Na hapa sikubaliani na neno "kukimbia". Mwaka 1957 alichapisha, kwenye jarida dogo la kisayansi la Australia, nadharia kwamba kila seli ya kinga huzaliwa ikiwa tayari na kingamwili ya aina moja, na kimelea kikiingia huichagua ile inayokifaa ili izaliane. Ukiisoma kama mtu wa virusi utaitambua mara moja. Ni fikra ileile ya aina nyingi zinazoshindana na mazingira yanayochagua, ambayo alikuwa ameitazama ikitendeka ndani ya mayai yake kila kirusi kilipobadilika kutoka amnioni kwenda alantoi. Mwaka 1951 yeye na Patricia Lind walikuwa pia wameonyesha kwamba virusi viwili vya mafua vikiingia kwenye seli moja hutoa vizazi vyenye sifa zilizochanganyika, tena kwa wingi usio wa kawaida. Sababu ya wingi huo ilikuja kueleweka baadaye, ilipojulikana kwamba jenomu ya mafua aina ya A imekatika vipande 8 vinavyoweza kubadilishana kama karata. Alikuwa amezama katika kuchaguana kwa viumbe kwa miaka mingi. Akahamishia kwenye seli za kinga.

Ninachomlaumu ni jinsi alivyoondoka. Hakuhama peke yake. Aliamua kwamba taasisi nzima itakuwa ya elimu ya kinga, na wanavirolojia wakajikuta wanapaswa kubadili fani au kutafuta pengine. Gordon Ada, ambaye kundi lake lilikuwa limeonyesha kwamba kirusi cha mafua kina RNA, alibadili akawa mtaalamu mkubwa wa kinga. Alfred Gottschalk, mkemia aliyeonyesha ni sukari gani hasa inayokatwa na kile kimeng'enya cha mafua, alihamia Canberra mwaka 1959. Fikiria kilichotokea kwenye uwanja huo baadaye: Peter Colman na wenzake mjini Melbourne walichapisha umbo la kimeng'enya hicho mwaka 1983 kwa kutumia fuwele zilizotayarishwa na Graeme Laver wa Canberra, na kutokana na umbo hilo ikabuniwa zanamivir, dawa ya mafua iliyoidhinishwa mwaka 1999. Njia iliyoanzia kwenye maabara ya Burnet ilikamilishwa na watu wa taasisi nyingine. Na hata nje ya Australia, Alick Isaacs, aliyekuwa amekaa Melbourne akisoma na Burnet jinsi kirusi kimoja cha mafua kinavyokizuia kingine, aligundua interferoni, protini ambayo seli huitoa kuzuia virusi, akiwa na Jean Lindenmann huko London mwaka huohuo wa 1957, wakitumia mafua yaliyouawa kwa joto na vipande vya utando wa yai. Nani alisema yai lilikuwa limeisha?

Kuna mambo mawili zaidi ambayo tasnifu ya kweli haiwezi kuyaruka. Mwaka 1951, uvimbe wa ubongo ulipozuka kwenye bonde la mto Murray, ulizuka pia uvumi kwamba unasababishwa na kirusi cha miksoma kilichoachiwa ili kuua sungura. Burnet, Fenner na Ian Clunies Ross walijidunga kirusi hicho wenyewe, wakabaki salama, na serikali ikalitangaza jambo hilo bungeni. Eric French, katika maabara ya Burnet, akakipata kirusi halisi cha ugonjwa ule, kinachoenezwa na mbu, kwa kutumia mayai. Kisa hiki husimuliwa sana, nami sioni ubaya wake. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1947 aliishauri idara ya ulinzi ya Australia kuhusu silaha za kibaolojia, zikiwemo zile ambazo zingeweza kutumiwa dhidi ya nchi zenye watu wengi za kusini-mashariki mwa Asia. Nyaraka hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1998. Mtu aliyeielewa ikolojia ya magonjwa kuliko wengi wa zama zake alifahamu pia namna ya kuigeuza, na akaandika hivyo kwa kalamu yake.

Mwishoni mwa maisha yake aliamini kwamba magonjwa ya kuambukiza yamekaribia kuwa historia, na aliitilia shaka sana faida ya biolojia ya molekuli. UKIMWI ulitambuliwa mwaka 1981, akiwa bado hai.

Kumbukumbu_za_Tiba amejibu:

Mzee wetu, nakubali kuhusu jaribio la mwaka 1950. Nilipaswa kulitaja, kwa sababu linaonyesha chombo kikishindwa kulibeba swali. Lakini sidhani linavunja hoja yangu. Kilichobaki mikononi mwake baada ya chombo kushindwa ni swali, na ndilo alilolifuata.

Ndugu Mwanafunzi, kwa tasnifu yako ningekushauri usijaribu kuibeba kazi yote. Anza mwaka 1933 na umalizie 1957, umchukulie kasuku na kipindupindu kama safari mbili za kutoka nje ya mafua, kisha uonyeshe kila moja ilirudi na nini.

Bi_Maabara amejibu:

Na kuhusu uamuzi wako wa uzamivu, Mwanafunzi, usiuchukue kutoka kwa Burnet, maana yeye alikuwa na taasisi nyuma yake na hakuhitaji kuomba fedha za utafiti kila baada ya miaka mitatu. Muulize msimamizi wako maswali mawili ya kawaida kabisa: maabara hiyo inaotesha virusi kwenye nini, na je, kuna mtu mwingine hapo anayeshughulikia kimelea tofauti kabisa ambaye utaruhusiwa kukaa naye kwa muda? Kama jibu la swali la pili ni ndiyo, baki na mafua bila wasiwasi. Kama ni hapana, ningetafuta maabara nyingine hata kama mafua ndiyo uyapendayo.

Na ukishaamua, njoo utueleze umeanza na nini; mimi bado nina maswali kuhusu ile makala ya mwaka 1943, hasa jinsi walivyotofautisha chembe za kuku na za simbilisi bila kujua lolote kuhusu miungano ya sukari.